Nimelala kwenye hema mguu wa dakika 12 kutoka nyumbani, karibuni tujadili

Mkeshanje (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni msomaji wa kimya humu miaka na miaka, leo nimeona niandike maana kuna jambo limenikaa moyoni wiki ya tatu sasa na kila nikiwaelezea watu wangu wa karibu wananiangalia tu.

Kuna kipande cha ardhi nyuma ya tenki la maji, dakika 12 kwa mguu kutoka mlangoni kwangu. Upande huu ukuta wa tenki, upande ule tuta lililokuwa na reli zamani, reli yenyewe ilishang'olewa, katikati nyasi na miti kama sita hivi. Nimepita hapo asubuhi na jioni miaka 9 na sijawahi kupaangalia hata siku moja, ni sehemu ambayo macho yanateleza tu. Sasa siku moja basi limekwama kwenye foleni usawa wa pale, simu imeisha chaji, nikawa nachungulia dirishani, nikamwona ndege anaingia na kutoka kwenye tundu la mti, anaingia anatoka, anaingia anatoka, nikajikuta nawaza hivi hapa usiku pakoje?

Ndo ilivyoanza. Likizo ndefu sina, gari sina, safari za milimani naziona kwa wengine. Ila usiku mmoja ninao. Natoka kazini saa 11 jioni naingia tena saa 2 asubuhi, hapo katikati kuna masaa 15, na kwangu yalikuwa yanaishia kwenye kochi na simu.

Cha kwanza nikatafuta mwenye eneo. Wiki mbili nzima nazungushwa, huyu ananituma kwa yule, mpaka nikampata mhusika. Nikamwambia ukweli wote, nataka kulala pale na hema dogo, moto siwashi, kitu siachi. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza habari ya yule ndege. Akaniandikia karatasi akaweka sahihi na namba ya mlinzi wa zamu.

Usiku wa kwanza niliharibu. Nilichagua pale chini kabisa kwenye kibonde ambapo nyasi ni laini na za kijani kuliko kwingine, nikaona hapa ndo godoro lenyewe. Saa 9 usiku nikaamka natetemeka. Nikawasha tochi, dari yote ya hema imejaa matone, nikigusa tu kitambaa yananidondokea usoni, miguuni begi la kulalia limelowa chapachapa na wala mvua haikunyesha. Nilivumilia mpaka saa 10 kasoro robo nikakunja kila kitu nikarudi nyumbani, saa 10 na nusu niko kitandani kwangu.

Na hapo ndo nikaelewa faida ya karibu. Ingekuwa ni huko mbali ningekuwa nimeumia, safari imeharibika, na kwa jinsi ninavyojijua nisingerudia. Hapa nilirudi wiki iliyofuata nikapanda hatua 15 tu juu ya kile kibonde, pembeni ya miti, nikalala mpaka kunakucha. Hema kavu. Hatua 15 wakuu!

Asubuhi nilimwona yule ndege kwa karibu, nimelala kifudifudi kichwa nje ya hema. Alikuwa na kijiti mdomoni kirefu kuliko tundu, akajaribu kukiingiza kwa ubavu kikagoma, akakishusha kwenye tawi, akakishika upya kwenye ncha, kikaingia kimenyooka. Niliangalia mpaka nikasahau muda na kazini nilifika na nyasi kwenye viatu.

Ninachotaka kusema ni hiki, tusisubiri mpaka tupate uwezo wa kwenda mbali. Tuangalie kilicho karibu kwanza, kwa heshima na kwa ruhusa. Karibuni kwa maswali na mwenye uzoefu aongezee.

Kipepeo wa Jioni

Hongera sana kaka, nimesoma mpaka mwisho na nimetamani. Swali langu ni la usalama, mimi ni mwanamke naishi peke yangu, kuna sehemu kama hiyo karibu na kwangu ila nikifikiria giza na watu nisiowajua nasita. Wewe hukuogopa?

Mkeshanje

Niliogopa dada, tena sana. Usiku wa kwanza kabla hata baridi haijaanza sikulala vizuri, kila jani likianguka mimi macho. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani mwaka 2016 waliwapima watu waliolala mahali pageni wakakuta usiku wa kwanza upande wa kushoto wa ubongo hauzami kwenye usingizi kama ule wa kulia, unabaki kama mlinzi unasikiliza, na walipolala hapohapo kwa mara nyingine tofauti ile haikuwepo tena. Kwahiyo kukosa usingizi siku ya kwanza usikuhesabu kuwa ni uoga wako.

Ila kuna hofu nyingine ambayo ni ya kusikilizwa. Kabla ya kulala nilienda pale mara nne bila hema, mchana, jioni, saa 4 usiku na alfajiri siku ya mapumziko. Niliangalia nani anapita, njia inatumika saa ngapi, kuna chupa zilizovunjika au hakuna, taa ya barabarani inafika wapi. Sehemu inaweza kuwa tulivu mchana na usiku ikawa kijiwe. Kwa upande wako ningesema usiende peke yako mara ya kwanza, nenda na rafiki mnayeaminiana, mtu wa tatu ajue mko wapi na mtampigia saa ngapi asubuhi. Na ukifika ukahisi hapa leo hapana, ondoka, usianze kujiuliza sababu. Nyumbani ni hapo tu.

Fundi Turubai

Mkuu Mkeshanje umeeleza vizuri ila niongezee kidogo maana hema nimelala sana.

Kilichokupata kwenye kibonde ni hivi. Usiku mbingu zikiwa wazi ardhi inapoteza joto lake kwenda juu, hewa iliyo karibu na ardhi inapoa, na hewa baridi ni nzito kuliko ya moto, kwahiyo inateremka taratibu kama maji mpaka inatuama kwenye bonde. Ulilala ndani ya bwawa la baridi. Halafu nyasi kuwa za kijani sana kuliko za jirani ni dalili kwamba hapo maji yanakaa, na ardhi yenye maji inatoa unyevu usiku kucha. Ongeza pumzi zako mwenyewe ambazo zimejaa mvuke, zinagonga kitambaa kilichopoa zinageuka matone. Dawa yake ni kuacha hewa ipite, fungua zipu ya juu hata kama kuna kibaridi, watu wengi wanafunga hema lote wakidhani watapata joto kumbe wanajilowesha.

Kingine, baridi kubwa inatoka chini siyo juu. Ukilala, ile sehemu ya begi iliyo chini ya mgongo wako inabanwa inakuwa bapa, hewa iliyokuwa inakutunzia joto inatoka, kwahiyo unakuwa kama umelala moja kwa moja kwenye udongo. Kama una kiasi kidogo cha kununulia kitu kimoja, nunua mkeka mzuri wa kulalia kabla ya kubadilisha begi.

Sasa lililonifanya niandike. Umesema umehamia pembeni ya miti. Uliangalia juu?

Mkeshanje

Hapana mkuu, niliangalia chini tu.

Fundi Turubai

Basi kabla hujalala tena pale nenda mchana usimame palepale ulipoweka hema uinue kichwa. Tawi lililokauka linaweza kudondoka hata usiku usio na upepo. Mti usio na majani wakati wenzake wanayo, gamba linalobanduka, uyoga kwenye shina, hizo zote ni dalili. Na mti wenye tundu la ndege mara nyingi kuna sehemu yake imeoza ndani, ndo maana ndege kaupenda. Ndege anamudu, wewe uliyelala chini yake humudu.

Mkeshanje

Nimetoka huko sasa hivi. Aisee. Kuna tawi unene wa mkono wangu limekatika kabisa limening'inia kwenye tawi lingine, na liko juu ya pale kilipokuwa kichwa changu. Nimesimama chini yake kama dakika mbili sijui niseme nini. Asante sana fundi, nimempigia mwenye eneo nimemtaarifu, na hema nitalisogeza lije huku wazi upande wa tuta.

Mzururaji

Wadau naona mnasumbuka sana na karatasi. Mimi naingia giza likishaingia natoka kabla hakujakucha, sijawahi kukamatwa miaka yote. Hema rangi ya kijani iliyokolea, taa hakuna, hamna anayejua. Ukianza kuuliza ruhusa utaambiwa hapana, basi unakosa yote.

Kipepeo wa Jioni

Kaka sikuhukumu lakini mimi siwezi kulala nikijua naweza kufukuzwa saa 8 usiku. Sijui kama huo ni usingizi.

Fundi Turubai

Mzururaji, hili linategemea uko wapi na watu wengi wanachanganya. Norway wana sheria ya mwaka 1957 inayoruhusu kupiga kambi kwenye ardhi isiyolimwa hata kama siyo yako, ila uwe umbali wa mita 150 kutoka nyumba ya mtu na usizidi siku mbili bila ruhusa. Scotland wana yao ya mwaka 2003. England ni jirani yao kabisa lakini karibu kote lazima umuombe mwenye ardhi. Sasa ukiangalia hata huko Norway kwenye uhuru mkubwa, hizo mita 150 katikati ya mji utazipata wapi? Kwahiyo mjini, popote ulipo, chukulia kwamba kuna mwenyewe na anatakiwa aulizwe.

Na siyo sheria peke yake. Mwenye eneo anajua vitu ambavyo wewe ukiingia gizani huvijui. Anajua bomba linapopita, waya uliofukiwa, shimo lililofunikwa na mbao, anajua kama hapo zamani palikuwa karakana ikamwaga mafuta na madini ya risasi ya betri kwenye udongo. Anajua mashine inaanza kazi saa ngapi asubuhi. Mtu amelala kwenye nyasi ndefu ndani ya hema la kijani na dereva wa trekta la kukata nyasi hana habari, hilo halihitaji maelezo.

Mzururaji

Hilo la mashine sikuwahi kulifikiria mkuu, nakubali. Nitaanza kuuliza.

Sauti ya Mtaani

Nimesoma kimya ila nimeona niseme. Mimi nililala nje miezi 7, na siyo kwa kupenda. Zile sehemu mnazoziita zilizosahaulika kuna watu hawajazisahau, ndo kwao. Chini ya daraja, nyuma ya ukuta, pale vichaka vinapojikunja vikafanya kama chumba. Nilikuwa na boksi, blanketi na begi moja nalificha mchana ndani ya kichaka. Siku moja nimerudi jioni nimekuta watu wamesafisha eneo, wametupa kila kitu, kulikuwa na barua za mama yangu ndani. Sisemi msiende, nimependa sana alichoandika mwanzisha uzi, hasa pale kwa ndege. Naomba tu mkiona boksi limelazwa, nguo imeanikwa, sufuria, hata kama mtu hayupo, mjue mmeingia nyumbani kwa mtu. Msipige picha. Msiguse. Rudini taratibu mlikotoka.

Mkeshanje

Ndugu yangu pole sana, na asante kwa kutuamini na hili. Nimelisoma mara tatu. Mimi ninarudi kitandani saa 10 usiku nikizidiwa, mwingine hana pa kurudi, na ni ardhi ileile. Nimewaomba wasimamizi wa jukwaa waunganishe maneno yako kwenye bandiko la kwanza ili kila anayefungua uzi ayakute. Barua za mama zimeniuma.

Sauti ya Mtaani

Amina. Niwaongezee moja la kwenu, msilale kamwe kwenye mtaro mkubwa wa maji ya mvua au mdomoni mwa kalavati hata kama pamekauka na panakinga upepo. Mjini kila mahali ni lami na zege, maji hayana pa kunywea, yote yanakimbilia kwenye mitaro. Mvua inaweza kunyesha upande wa pili wa mji, kwako nyota zinaonekana, na maji yakaja kwa dakika chache. Unasikia kwanza takataka zinagongana, ukisikia hivyo usitafute viatu.

Baba wa Wawili

Nina watoto wa miaka 7 na 10, wamesikia nikimsomea mama yao huu uzi sasa hawanipi amani. Mnashauri?

Fundi Turubai

Waanzie uani au barazani kama mnayo, usiku mmoja, halafu ndo mwende. Wape kazi, mmoja tochi mmoja vigingi. Na jambo moja sitanii nalo, usiingize jiko la mkaa ndani ya hema kwa ajili ya joto, hata kama makaa yanaonekana yamezimika, hata kama zipu iko wazi. Hewa ya sumu inayotoka hapo haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Majiko ya gesi vivyo hivyo. Wakiona baridi wape maji ya moto kwenye chupa inayofunga vizuri, ifunge na soksi, wakumbatie.

Mkeshanje

Baba wa Wawili, waonyeshe anga. Watu wanadhani mjini hakuna cha kuona kwa sababu ya taa. Ni kweli nyota nyingi zinafifia, ila sayari za Zuhura na Mshtarii zikiwepo angani zinang'aa kiasi cha kuonekana hata katikati ya taa za mji, na kile kituo cha anga cha kimataifa unakiona kwa macho, kinapita kama nyota isiyowaka na kuzima, kiko juu kama kilomita 400 na kinaizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Ila zima simu kwanza. Jicho linahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza vizuri na ukiwasha kioo mara moja tu unaanza upya.

Kipepeo wa Jioni

Samahani na choo je?

Mkeshanje

Nyumbani kabla ya kutoka, nyumbani baada ya kurudi. Huko porini watu wanachimba shimo, mjini usichimbe, hujui chini kuna nini na kesho mtoto atacheza hapo. Ikibana sana kuna chupa ya mdomo mpana na mifuko miwili, unabeba unarudi nayo. Ukiona huwezi, ni dakika 12.

Mzururaji

Nimekuwa nikisoma habari za jamaa mmoja Mwingereza anaitwa Alastair Humphreys nikaona niwaletee. Huyu alizunguka dunia kwa baiskeli miaka minne. Halafu mwaka 2011, kipindi cha baridi, akaamua kutembea kwa miguu kuizunguka M25, ile barabara kuu inayouzunguka mji wa London, yenye urefu wa kilomita 188, analala pembenipembeni mwa barabara. Mtu aliyevuka mabara anasema alipata kilekile alichokuwa anakipata mbali. Nimekubali hoja yako mkuu Mkeshanje.

Mkeshanje

Asante mkuu. Nami kuna kitu nimekiona mwilini mwangu. Zile siku ninazolala pale usingizi unanijia mapema bila kulazimisha. Kuna utafiti wa mwaka 2013 wa Chuo Kikuu cha Colorado, watu 8 walipelekwa kambini wiki nzima bila taa za umeme, mwanga wa jua na moto tu, ile homoni inayoandaa mwili kulala ikaanza kutoka mapema kwa kama masaa mawili kuliko walivyokuwa nyumbani. Kwangu taa ya barabarani inafika mpaka kwenye tuta kwahiyo siyo giza kamili, ila simu nikiizima tu saa 3 na nusu macho yanafunga.

Jana nimelala usiku wa tatu, huku wazi kwenye tuta. Kuna upepo kidogo ila hema limebaki kavu mpaka asubuhi. Saa 5 usiku mlinzi wa zamu amekuja na tochi, akasimama mbali akaita jina langu, nikatoka. Akakaa kwenye jiwe tukaongea karibu nusu saa. Amefanya kazi pale miaka 14 na akaniambia yule ndege siyo wa kwanza, lile tundu lina wenyewe kila mwaka. Kumbe kuna mtu mwingine alikuwa anaangalia muda wote huu.

Baba wa Wawili

Sisi tumelala uani jana. Mdogo aliomba kurudi ndani saa 6, nikambeba. Saa 11 alfajiri nimesikia zipu ya hema inafunguka, karudi mwenyewe na blanketi lake kajilaza katikati yetu.

Kipepeo wa Jioni

Wapendwa nimempata mwenye eneo langu. Ni mama mtu mzima, kiwanja kilikuwa cha marehemu mumewe na hajakanyaga huko siku nyingi. Amesema sawa, ila na yeye anataka kuja akae nasi mpaka giza liingie, aone jinsi kulivyo siku hizi. Tunaenda Ijumaa, mimi na rafiki yangu. Nimeenda leo mchana nimeangalia chini, nimeangalia juu.